Maonyesho ya Sanaa ya Mtaani ya Wasanii Wenye Usonji na Waliopitia Maradhi ya Akili: Mwongozo Kamili

Maonyesho mengi ya aina hii huharibika kwa njia ileile. Mabango yamechapishwa, spika zinalia tangu saa mbili asubuhi, mgeni rasmi anasubiriwa, na ikifika saa tano wasanii wenyewe hawaonekani. Mmoja yuko chooni ameziba masikio. Mwingine mama yake ameshamrudisha nyumbani. Watatu hawakutokea kabisa. Jioni waandaaji wanaambiana kwamba watu hawa ni wagumu kuwaandalia shughuli. Si kweli. Shughuli iliandaliwa kwa ajili ya watazamaji, wasanii wakaalikwa kama mapambo.

Mwongozo huu ni wa kikundi kidogo: wasanii 12, vipindi 8 vya kazi, kisha siku moja ya maonyesho na mauzo. Unawafaa vijana na watu wazima wenye usonji, ADHD (ugumu wa kutulia na kuzingatia) au disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika), pamoja na wanaoishi na skizofrenia (maradhi ambayo mtu huweza kusikia au kuona visivyoonekana na wengine), baipola (hali ya kuchangamka kupita kiasi kisha kuzama chini) au sonona (huzuni nzito isiyoondoka). Kwa mara ya kwanza usizidishe 12, maana lazima umfahamu kila mmoja wao, na wakiwa 30 hutaweza.

Tukubaliane jambo moja kabla ya kununua chochote: hii si tiba. Hakuna atakayesoma mchoro wa mtu kutafuta ugonjwa, wala kumuuliza kwa nini amepaka nyeusi. Watu hawa wamechunguzwa vya kutosha kwingine. Hapa wamekuja kama wasanii.

## Vifaa vya kutafuta kwanza

Vya kazi (wasanii 12, vipindi 8)

- Hadibodi shiti 3 za futi 4 kwa 8. Kila moja ikikatwa vipande vya sentimita 60 kwa 40 hutoa vipande 12. Shiti mbili ni za kazi (vipande 2 kwa kila msanii), ya tatu ni ya akiba. Mwambie fundi seremala akukatie palepale dukani.
- Karatasi za A3 nzito, 200.
- Rangi ya maji: nyeupe lita 4; nyekundu, njano, buluu na nyeusi lita 1 kila moja.
- Brashi bapa 24: 12 za nusu inchi na 12 za inchi moja. Ongeza nyembamba 12.
- Msasa namba 120, karatasi 6.
- Udongo wa mfinyanzi kilo 20, kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri.
- Vipande vya vitenge, mkasi 4, gundi nyeupe ya mbao lita 1, mkaa wa kuchorea.
- Makopo ya maji, matambara, magazeti ya kutandika mezani.
- Tyubu kuukuu ya baiskeli. Kata vipande uzungushie mipini ya brashi 6 iwe minene. Ni kwa wenye mikono inayotetemeka au wasioweza kushika kitu chembamba.

Vya utulivu

- Vikinga masikio 4, vile vikubwa wanavyovaa mafundi wa mashine.
- Mkeka, mito miwili, kitenge kizito cha pazia, feni ya kusimama isiyopiga kelele.
- Saa kubwa ya ukutani na manila za ratiba ya picha.
- Maji safi, angalau lita 1 kwa kila mtu kwa kipindi.

Vya siku ya maonyesho

- Kamba, vibanio, misumari, futikamba, na beji za rangi na maumbo mawili (tutaona matumizi yake Hatua ya 6).
- Daftari la mauzo na bahasha.

Rangi ya mafuta tumeiacha kwa makusudi. Tunajua michoro ya tingatinga imejengwa juu yake, na inang'aa kweli. Lakini harufu yake na ya thina ndani ya chumba huwatoa nje wenye pua nyepesi kabla ya nusu saa, na huwaumiza kichwa wengine. Msanii anayeitaka sana afanyie kazi kibarazani, mwenyewe.

## Hatua ya 1: Panga tarehe, kisha rudi nyuma wiki 12

Siku mbili hutumika zaidi: 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, inayoadhimishwa tangu 1992, na 2 Aprili, siku ya usonji iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2007. Kwa mwambao na Dar es Salaam, Oktoba ni bora. Aprili ni masika: rangi haikauki, barabara zinajaa maji, na mvua ikipiga juu ya bati hakuna msanii mwenye usonji atakayebaki ndani.

Usifanye siku yenyewe. Siku hiyo wauguzi, walimu na waandishi wa habari wameitwa kwenye maadhimisho makubwa, na Kenya 10 Oktoba ni sikukuu, kumbi hukodiwa mapema. Chukua Jumamosi iliyo karibu. Kwa maonyesho ya Oktoba, maandalizi yaanze katikati ya Julai: wiki 2 za maandalizi, 8 za kazi, 2 za kutundika na kuandika.

Barua ya taarifa kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa (Kenya, kwa chifu na kituo cha polisi) ipelekwe wiki 4 kabla. Taja kuwa hakutakuwa na spika za nje.

## Hatua ya 2: Ukumbi uchaguliwe kwa masikio

Nenda kwenye ukumbi siku ileile ya wiki na saa ileile utakayoutumia. Kaa kimya dakika 30 na andika kila sauti na kila mwanga unaokukera. Kazi hii ndogo ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayookoa siku nzima.

Yanayojitokeza mara kwa mara ni haya:

- Taa za tyubu zinazovuma au kucheza. Zima, fungua madirisha. Ikibidi, leta balbu za manjano. Taa inayopepesa ni hatari pia kwa mwenye kifafa, na kifafa huwapata watu wengi wenye usonji.
- Jenereta. Iwe nyuma ya ukuta, umbali wa mita 30 au zaidi. Ukishindwa, fanya kazi kwa mwanga wa mchana.
- Karakana ya kuchomelea vyuma jirani. Ongea na fundi akuambie siku asizochomelea. Wengi hukubali wakielezwa sababu.
- Bati tupu bila dari. Kuanzia saa sita panakuwa tanuri. Joto si usumbufu tu, kama utakavyoona Hatua ya 4.

Darasa la shule ya msingi siku ya Jumamosi mara nyingi linashinda ukumbi wa harusi: lina madirisha pande mbili, liko chini, na jirani yake kuna darasa jingine la kufanya chumba cha utulivu.

Chumba hicho hakina mjadala. Kiwe ndani ya hatua 20 kutoka mahali pa kazi, kiwe na mlango au pazia, mkeka, maji, na mwanga hafifu. Hakigeuzwi stoo, hakitumiki kunyonyeshea watoto wachanga wala kuvalishia wacheza ngoma. Kikigeuzwa hata mara moja, wasanii watajua hakipo, na hawatakitafuta siku watakayokihitaji.

Utajua umefaulu ukiweza kukaa humo dakika 30 bila kusikia neno linalosemwa ukumbini.

## Hatua ya 3: Wasanii waje wenyewe

Kosa la kawaida ni kwenda kliniki na kuomba orodha ya majina. Usiombe, na ukipewa usipokee. Taarifa za afya ni nyeti kisheria, Kenya kwa sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2019 na Tanzania kwa ile ya 2022. Badala yake mpe muuguzi wa kitengo cha afya ya akili vipeperushi 30 avigawe, na anayetaka apige simu mwenyewe au atume ujumbe. Fanya hivyohivyo kwa walimu wa vitengo vya elimu maalumu na vikundi vya wazazi.

Kwenye kipeperushi andika kazi, siyo ugonjwa: "Vipindi 8 vya kuchora na kufinyanga. Sehemu tulivu. Kazi zitaonyeshwa na kuuzwa, msanii analipwa." Maneno kama chizi, punguani au mwendawazimu yasionekane popote, hata kwa nia ya kuyakemea.

Anayekuja ajaze ukurasa mmoja, au aujaze kwa kusimulia. Maswali ya lazima ni matano tu:

1. Uitwe nani?
2. Nini kinakusumbua: sauti, mwanga, harufu, kuguswa, umati?
3. Ukichoka tutajuaje?
4. Ukichoka tufanye nini, na tusifanye nini?
5. Tumpigie nani, kwa namba gani?

Jina la ugonjwa halimo. Hulihitaji, na mtu akitaka kukuambia atakuambia.

Wawezeshaji wawe watatu kwa wasanii 12: msanii mmoja anayejua ufundi, mmoja anayezunguka, na mmoja asiye na kazi nyingine ila mlango na chumba cha utulivu. Angalau mmoja kati yao awe mtu aliyepitia hali hizi mwenyewe, na alipwe sawa na wenzake. Tumeona vikundi vinavyomwita huyu "mfano wa kuigwa" na kumpa soda. Hapo wasanii wengine wanasoma vizuri sana nafasi yao itakuwa ipi.

## Hatua ya 4: Vipindi vya dakika 90

Anzeni saa nne asubuhi. Dawa nyingi za akili zinazomezwa usiku huacha usingizi mzito asubuhi, na anayeambiwa afike saa mbili ataonekana mvivu wakati mwili wake haujaamka.

Mpangilio usibadilike wiki hadi wiki:

- Saa 4:00 hadi 4:10: kufika, kuketi mahali palepale pa wiki iliyopita
- Saa 4:10 hadi 4:15: mwezeshaji anaonyesha jambo moja, kwa vitendo, kwa maneno machache
- Saa 4:15 hadi 5:00: kazi
- Saa 5:00 hadi 5:15: chai
- Saa 5:15 hadi 5:30: kusafisha brashi na kuaga

Chora kila sehemu kwenye manila, picha moja kwa kila tukio, bandika ukutani usawa wa macho. Kila sehemu ikiisha, geuza picha yake. Anayejua kinachofuata hahitaji kuuliza mara ishirini. Tarehe au mwezeshaji akibadilika, toa taarifa siku 3 kabla kwa ujumbe mfupi wenye picha ya mgeni huyo.

Sasa mambo ya mwili, ambayo waandaaji wengi hawaambiwi na mtu:

Dawa ya klopromazini hufanya ngozi iungue upesi juani. Meza zikae kivulini, hata kama mwanga wa nje unapendeza.

Dawa ya lithiamu na joto havipatani. Mtu akitoka jasho jingi bila kunywa maji, kiwango cha dawa mwilini hupanda na kinaweza kumdhuru. Weka kikombe cha maji mbele ya kila mtu, usingoje aombe. Akianza kutapika, kutetemeka sana au kupepesuka, mpelekeni hospitali.

Dawa ya haloperidoli na jamaa zake huweza kufanya mikono itetemeke na miguu isitulie. Mtu anayesimama na kutembea kila dakika tano huenda hana uwezo wa kuketi. Mpe meza ya kusimamia. Usimwambie "kaa chini kaka, tulia".

Kamwe usimshauri mtu aache au apunguze dawa ili achore vizuri zaidi, na mkataze yeyote anayesema hivyo kikundini.

Udongo mbichi ni furaha kwa baadhi na karaha kwa wengine. Anayechukia unyevu apewe kijiti, kijiko au glavu. Kabla ya kumuonyesha mtu kwa kumshika mkono, omba ruhusa kila mara. Ruhusa ya wiki iliyopita haihesabiki.

Kisha lipo katazo tunalolitilia mkazo kuliko yote ya ufundi: usirekebishe kazi ya mtu. Mwezeshaji haongezi jua, hanyooshi mstari, hapaki pembe iliyobaki wazi. Mtu akichora magari 40 yanayofanana kwa mstari mmoja, hiyo ndiyo kazi yake, na mara nyingi ndiyo picha ambayo wageni husimama mbele yake kwa muda mrefu.

Utajua umefaulu ikiwa kufikia kipindi cha 3 kuna anayetoka kwenda chumba cha utulivu na kurudi bila kuomba radhi.

## Hatua ya 5: Tayarisha ubao ili kazi isiharibike

Vipindi 4 vya kwanza ni vya karatasi na udongo. Ubao uje kipindi cha 5, mtu akiwa ameshajua anachotaka.

1. Piga msasa upande laini hadi mng'ao utoke, kisha futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.
2. Paka rangi nyeupe mgongo mara moja na uso mara mbili. Mgongo ukiachwa, ubao unajikunja kwa unyevu wa pwani ndani ya wiki moja.
3. Acha saa 4 kati ya mkono mmoja wa rangi na mwingine. Mji wenye unyevu kama Tanga au Mombasa, acha ulale.
4. Kausha kwa kusimamisha, usilaze mbao moja juu ya nyingine. Zitagandana, na ukizitenganisha zinabanduka.

Lita 4 za nyeupe zinatosha vipande vyote 36 na kubaki ya kuchanganyia. Rangi ikipasuka inapokauka, imepakwa nene mno au mkono wa chini ulikuwa haujakauka.

Udongo usiochomwa hupasuka ukikaushwa juani. Ukande kwanza utoe hewa, unene usizidi sentimita 1.5, kisha ufunike kwa gazeti na ukauke kivulini siku 7.

## Hatua ya 6: Idhini

Hapa ndipo madhara ya kudumu hutokea. Picha ya mtu ikisambaa kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa ikiwa na maneno "mgonjwa wa akili aonyesha kipaji", anaweza kupoteza kibarua, chumba cha kupanga au mchumba, na hakuna wa kumrudishia.

Fomu moja yenye "nakubali kila kitu" haifai. Tenganisha maswali sita, kila moja na jibu lake:

1. Kazi yako ionyeshwe?
2. Iuzwe?
3. Jina gani liandikwe: lako, la kisanii, au lisiandikwe?
4. Kazi yako ipigwe picha na kuwekwa mtandaoni?
5. Wewe upigwe picha? Uso uonekane?
6. Kuna lolote kuhusu maisha au afya yako ungependa liandikwe? Kama lipo, liandike wewe.

Jibu la 6 likiwa tupu, liachwe tupu. Mwandaaji asijaze kwa wema.

Uliza mara mbili: wiki moja kabla, na tena asubuhi ya siku yenyewe. Hali ya mtu hubadilika. Aliyekubali kila kitu akiwa amechangamka kupita kawaida huenda akajuta wiki mbili baadaye, na aliyekataa akiwa chini huenda sasa anataka. Jibu linalofuatwa ni la mwisho, na akighairi saa tano mbele ya wageni, picha inashushwa papo hapo bila maswali.

Nani anasaini? Mtu mzima anasaini mwenyewe. Kaka, mama au mchungaji hawasaini kwa niaba yake kwa sababu tu aliwahi kulazwa. Kwa aliye chini ya miaka 18, mzazi anasaini, lakini mtoto naye lazima akubali; akitikisa kichwa au akificha mchoro wake, hilo ni jibu. Asiyetumia maneno aonyeshwe picha mbili achague, na apewe muda.

Siku ya maonyesho wasanii wavae beji: duara la kijani kwa anayekubali kupigwa picha, mraba mwekundu kwa asiyekubali. Maumbo yatofautiane, kwa sababu wapo wasiotofautisha kijani na nyekundu. Waandaaji na wageni nao wavae beji zao, la sivyo beji itageuka alama ya "wale wagonjwa".

## Hatua ya 7: Tundika na andika

Katikati ya kila picha iwe sentimita 145 kutoka sakafuni, na baadhi ziwe 120 kwa wanaotumia viti vya magurudumu. Acha sentimita 30 au zaidi kati ya picha na picha, na njia yenye upana wa sentimita 120. Picha zikibanana, macho yanachoka na mtu anatoka.

Kila kibandiko kiwe na jina alilochagua msanii, jina la kazi, vifaa na bei. Basi. Jina la ugonjwa halikai chini ya picha, hata kama maonyesho yote ni ya kuhamasisha. Mgeni akisoma "skizofrenia" kwanza, ataitafuta kwenye rangi na hataiona picha.

Herufi ziwe kubwa, pointi 24 au zaidi, zisizo na mikia, zimeanzia kushoto, kwenye karatasi ya rangi ya krimu isiyong'aa. Mistari iwe mifupi. Hii ni kwa ajili ya wenye disleksia, na wazee nao watashukuru.

Wasanii wachague wenyewe picha ipi iende wapi. Wapo watakaotaka iwe pembeni kabisa. Iwekwe pembeni.

## Hatua ya 8: Siku yenyewe

Saa 3:00 hadi 4:00 asubuhi: saa ya utulivu. Wasanii na watu wao wa karibu tu. Hakuna muziki. Wanatembea, wanazoea, wanaamua mahali pa kusimama. Ratiba ya picha iko mlangoni.

Saa 4:00: milango inafunguliwa. Usimngoje mgeni rasmi. Akichelewa, atakuta watu wanatazama picha, na hilo halimpunguzii heshima. Wageni wasizidi 40 ndani kwa wakati mmoja. Mwenye mlango ahesabu.

Saa 5:00: maneno machache. Wasemaji watatu, dakika 3 kila mmoja, wa kwanza akiwa msanii anayetaka kusema. Kipaza sauti kimoja chenye sauti ya chini kinatosha. Mwambie mshereheshaji mapema, tena kwa maandishi: haiti mtu jukwaani kwa kushtukiza, hasimulii ugonjwa wa mtu, hasemi "makofi ya kilo". Wageni wapunge mikono hewani badala ya kupiga makofi.

Karibu kila mara atatokea mtu mwenye nia njema anayetaka kuwaombea wasanii, kuwawekea mikono, au kutangaza kwamba wamefunguliwa. Dua fupi ya kufungua shughuli inayowahusu wote ni sawa. Kuwaombea wasanii uponyaji hadharani hapana, na umwambie kabla hajashika kipaza sauti: "Mchungaji, au Ustadhi, tunaomba dua ya kuibariki shughuli, siyo ya wagonjwa." Wanaelewa wakiambiwa kwa adabu na mapema.

Ngoma, kama ipo, iwe ya mwisho, saa saba, uwanjani, mita 20 au zaidi kutoka mlangoni, na iwe imechorwa kwenye ratiba. Puto msilete kabisa. Moja likipasuka linatosha.

Mweke mwezeshaji mmoja karibu na picha azuie maswali ya "wewe unaumwa nini?" Ajifunze kujibu kwa upole: "Muulize alivyochanganya hiyo rangi."

## Hatua ya 9: Hali ikibadilika ghafla

Andika haya kwenye karatasi moja, kila mwezeshaji awe nayo mfukoni pamoja na namba ya kitengo cha afya ya akili cha hospitali iliyo karibu na ya dereva aliyekubali kusubiri.

Mwenye usonji amezidiwa (anapiga kelele, anajipiga, amejikunja): punguza sauti na mwanga, ondoa watazamaji, mpe kikinga masikio. Usimshike, usimpe maagizo mengi. Neno moja, kisha subiri. Inaweza kuchukua dakika 20 au zaidi.

Mtu anasikia au anaona visivyoonekana na wengine: usibishane naye wala usijifanye unavisikia. Mwambie uko naye, muulize kama angependa kwenda pale pametulia, piga namba aliyoiandika kwenye ukurasa wake.

Mtu anasema hataki kuishi: muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali halimtii wazo kichwani. Usimwache peke yake, msogezee mbali mkasi na visu, nenda naye hospitali siku hiyohiyo.

Degedege la kifafa: mlaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, tazama saa. Usimtie chochote kinywani. Likipita dakika 5, au likirudia kabla hajazinduka, gari liondoke.

Polisi au mgambo wasiitwe kumtuliza mtu ambaye hamdhuru yeyote.

## Hatua ya 10: Fedha, na siku 7 zinazofuata

Mgawanyo utangazwe kipindi cha kwanza. Tunapendekeza asilimia 80 kwa msanii na 20 kwa vifaa vya msimu ujao. Bei anapanga msanii. Msaidie kwa kumuonyesha bei za kazi za ukubwa huo madukani, na usimshushie kwa kudhani watu watanunua kwa huruma. Bei ikishaandikwa haijadiliwi. Kubishana ana kwa ana kumewafanya wasanii wengi wauze kwa hasara ili tu mnunuzi aondoke.

Malipo yaende kwa msanii mwenyewe, kwenye simu yake au kwenye bahasha, siku hiyohiyo, akisaini au kuweka dole gumba. Kwenye ule ukurasa wa Hatua ya 3 ongeza swali la hiari: ukipata fedha nyingi kwa mara moja, ungependa upewe zote au kwa mafungu? Wapo wanaojua kwamba wakiwa katika kipindi cha kuchangamka sana fedha haikai, na wanashukuru kuamua mapema wakiwa wametulia. Uamuzi ni wao, siyo wa familia.

Mweleze mnunuzi kwa maandishi kwenye risiti: amenunua picha, hakimiliki imebaki kwa msanii. Anayetaka kuichapa kwenye fulana au kalenda arudi kuomba.

Kazi zisizouzwa zirudishwe kwa mkono ndani ya siku 3, zimefungwa vizuri. Kuzikuta zimerundikwa stoo huumiza kuliko kutouza.

Siku ya pili hadi ya saba, mpigie kila msanii mara moja. Baada ya msisimko mkubwa wengine huporomoka, na simu ya dakika 3 huwahi kulibaini hilo. Uliza mambo matatu: umelala vipi, nini kilikukera, utapenda kurudi? Majibu ya swali la pili yaandike kwa maneno yao, na ukurasa huo uwe wa kwanza kufunguliwa mnapopanga msimu unaofuata.